Mbeleko Kifuani mwa Mkwe

Nyuma ya soko la Ushirombo, upande wa barabara iendayo misheni, kuna uwanja ambao siku hizi haufagiliwi. Zamani, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, majirani tuliamshwa na maji. Mkono ulichota kwenye beseni, ukarusha, na matone yakaangukia vumbi kama mvua ndogo ya mtu mmoja. Ndipo ufagio ulipoanza. Anayefagia bila kunyunyiza maji, Generosa, mwenye uwanja ule, alikuwa akisema, hafagii, anahamisha tu vumbi lake kulipeleka kwa jirani. Sasa vumbi limerudi kukaa palipo pake, kuku wa jirani yetu Justina wanaogea humo, na mtu akiamka mapema hubaki kitandani akisubiri sauti isiyokuja.

Wengi wanakijua kipande cha kuchekesha tu cha habari yake: mama wa Ushirombo aliyekwenda Amerika akanyunyizia barafu maji. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya habari yenyewe.

Alizaliwa Usukumani, karibu na Kolandoto, kwenye mbuga ile ya Shinyanga ambako mwezi wa nane vumbi huingia hadi ndani ya chungu kilichofunikwa. Aliletwa Ushirombo na ndoa. Mumewe, Tarsisi, alikuwa Msumbwa mpole aliyelima pamba na mpunga, akafariki mapema, akamwachia binti mmoja, Dorah. Generosa akamlea kwa mchele na michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, alivyoviuza sokoni kwa kisado. Dorah akasoma, akaolewa na Meshack, kijana mrefu mwenye mwili mkubwa, mtoto wa mchimbaji wa dhahabu kule Geita. Meshack alikuwa amepata kazi ya kompyuta Texas. Wakahamia huko.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hawapeani mikono. Hawali pamoja, hawatajani majina, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Siku hizi watu wengi wamelegeza, na wengine hupiga picha za harusi mama mkwe akiwa amekumbatiwa mabega. Generosa hakulegeza hata kidogo. Mwaka ule Meshack alipokuja kuleta mahari, alipita sokoni kununua sukari, naye Generosa alipomwona akatoweka nyuma ya magunia ya udaga, ile mihogo mikavu. Justina, aliyeuza karanga meza ya pili, ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

"Mama Dorah, toka. Amepita."

"Amepita kweli, au amesimama kwa muuza nyanya?"

"Amesimama. Anachagua moja moja, kama mwanamke."

"Basi mwache achague."

"Na wateja wako?"

"Wauzie wewe. Ukinipunja nitajua."

Alikaa nyuma ya magunia mpaka Meshack akamaliza soko lote. Tulicheka sana. Lakini nikikumbuka sasa, najua umbali ule haukuwa woga wala chuki. Ilikuwa njia ya kumwambia mtu kwamba amebeba kitu chako cha thamani, na kwamba hutamkaribia ukamwona katika udogo wake, ili siku zote abaki mkubwa machoni pako. Watu walipeana nafasi. Uwanja ulikuwa mpana na nyumba zilikuwa mbalimbali. Mila kama ile ilikuwa na mahali pa kukaa.

Dorah alipopata mimba aliomba mama yake aende kumlea uzazi. Generosa hakuwahi hata kupanda ndege. Alikubali, kwa sharti moja: hatalala chini ya paa la mkwewe. Meshack hakubishana. Alilitoa gari lake nje, akalifagia banda la gari lililoungana na nyumba, akatandika zulia, akaweka kitanda na kipasha joto cha umeme. Banda lilikuwa na mlango wake wa kutokea nje. Generosa alipofika, Desemba ya mwaka 2022, aliuangalia mlango ule, akaangalia paa, akaamua kwamba zilikuwa nyumba mbili zilizosogeleana.

Chakula alikula huko bandani. Na alipotaka kusema jambo na Meshack, alisema na Dorah.

"Dorah, mwambie mwenzio chai imeiva."

"Mama, amekaa hapa. Amesikia."

"Sijasema naye. Nimesema na wewe."

"Meshack, chai imeiva."

"Mwambie mama asante," Meshack angejibu, akiangalia sakafu.

"Mama, asante."

"Mwambie aongeze sukari, nimeweka kidogo."

Waliishi hivyo na walielewana vizuri kabisa. Kila alfajiri Generosa alitoka na beseni, akanyunyiza maji kwenye sementi ya mbele ya nyumba na ngazi zake tatu, akafagia. Hakukuwa na vumbi. Dorah alimwambia. Akajibu kwamba mzazi yumo ndani, wageni watakuja kuona mtoto, na mgeni husoma uwanja kabla hajabisha hodi.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, Januari, kwa upasuaji. Wa kiume, mdogo, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima. Walikaa naye hospitali, kisha wakamruhusu kwa neno moja lililorudiwarudiwa: joto. Asipate baridi. Mtoto wa namna ile hana nguvu ya kujipasha mwenyewe. Walimwita Tarsisi, jina la babu yake.

Mji ule waliokaa, Austin, ni mji wa jua. Nyumba zake zimejengwa kuukimbia moto wa kiangazi. Kuta nyepesi, madirisha makubwa, miti imeachwa ikue juu ya mapaa ili ilete kivuli. Karibu watu wote hutegemea umeme kwa kila kitu. Mwishoni mwa Januari redio zikaanza kusema barafu inakuja. Kwetu barafu ni ile ya ubuyu, iliyogandishwa kwenye mfuko wa plastiki, mtoto huikata kona kwa jino akanyonya akitoka shule. Generosa alisikia neno hilo na hakuona cha kuogopa. Baridi aliiogopa, ndiyo, ile aliyoiita mbeho kwa lugha ya kwao. Barafu hapana.

Siku hiyo Watanzania wa kanisani walikuwa wameahidi kuja kumwona mtoto. Generosa aliamka, akajifunga vitenge viwili juu ya koti, akatoka na beseni. Alinyunyiza sementi. Alinyunyiza ngazi zote tatu, kwa ukarimu, kwa sababu ya wageni. Akafagia, akaingia bandani kuota joto.

Meshack alitoka kwenda kuliangalia gari. Mguu wa kwanza aliuweka ngazi ya juu, na wa pili haukupata pa kukaa.

Generosa alisikia kishindo akafungua mlango wake. Mkwewe alikuwa amelala chali chini ya ngazi, mguu mmoja umekaa upande usio wake. Kati yao palikuwa na hatua chache tu. Mwanamke huyu, ambaye angemwinua mlevi asiyemjua mtaroni pale Ushirombo, alisimama mlangoni na mikono yake imekufa.

"Dorah!" aliita. "Dorah, mwambie mwenzio asiinuke!"

Dorah alikuwa na mshono mbichi tumboni. Alifika mlangoni akishika ukuta.

"Mama, mshike."

"Mwambie asiukanyagie ule mguu."

"Mama, mimi siwezi kushuka. Mshike."

Hakumshika. Meshack alijigeuza akapanda kwa viwiko, ngazi moja baada ya nyingine, akiwa amefumba mdomo, na wanawake wawili wakimwangalia. Generosa alipotusimulia habari hii, ameketi kwa Justina akichambua choroko, hapo ndipo mkono wake uliposimama ndani ya ungo. Alisema hakuona aibu nyingine kubwa kama ile maishani. Aliinama akagusa ngazi. Ilikuwa kama kioo. Akatambua kwamba kioo kile kilikuwa maji yake.

Baadaye Meshack alimtumia maneno kupitia kwa Dorah: mwambie mama ile barafu imetoka mbinguni, manyunyu yalikuwa yameanza. Naye akarudisha jibu: mwambie ya mbinguni ilikuja saa ile alipokwisha kulala chini. Ile ya kwanza ni yangu.

Manyunyu yalikuja kweli, na kila tone lilipotua liliganda. Kufikia jioni kila jani, kila waya, kila unyasi ulikuwa umevikwa barafu. Kisha miti ikaanza kupasuka. Matawi yalikatika kwa mlio mmoja mkavu, huku, kule, mtaa wa nyuma, mtaa wa mbele. Meshack, kitandani na mguu wake uliofungwa ubao, alisema ni kama siku za kwao, wachimbaji walipotega baruti. Tawi moja liliangukia gari likalaza kioo na usukani pamoja. Jingine liliangukia nyaya. Taa zikazima, kipasha joto kikazima, jiko likazima, na nyumba ikanyamaza.

Walipiga simu. Waliambiwa barabara hazipitiki, msaada utafika utakapoweza, mtoto ashikwe kifuani, wasubiri. Wageni hawakuja. Mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama ulikuwepo, lakini hakuna aliyetaka uingizwe ndani. Wote watatu walikuwa watu wa ukanda wa migodi, na kila mmoja alimjua mtu aliyeshuka shimoni penye hewa mbaya asipande tena. Generosa aliuwasha nje, baraza ya nyuma, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa na kuzifunga kwa soksi. Akapika michembe aliyoibeba kutoka nyumbani ndani ya sanduku. Walikula hiyo, kwa maziwa ya unga, vyumba tofauti.

Usiku wa kwanza alilala bandani kwake. Dorah alimsihi, akakataa. Alivaa kila alichokuwa nacho, na kulipokucha vidole vyake havikuweza kufunga kifungo. Ndipo alipokubali kuingia kwenye chumba chao, kilichokuwa kidogo kuliko vyote na kilichobakiza joto kidogo. Lakini kwanza alidai shuka. Aliitundika kwa kamba kutoka kabati hadi dirishani, ikakigawa chumba. Upande huu yeye, Dorah na mtoto. Upande ule Meshack na mguu wake.

"Huo nao ni ukuta?" Dorah aliuliza.

"Ukuta ni ule ambao watu wamekubaliana kwamba ni ukuta."

Kutoka upande wa pili Meshack akakohoa, na walijua anacheka.

Mchana ule Dorah alikuwa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyoelekezwa. Alasiri akaanza kutetemeka. Ilikuwa homa, titi limejaa na limekuwa gumu. Meno yalimgongana, macho yakamwelea, akawa analala katikati ya neno. Generosa aliogopa amlalie mtoto. Akamchukua yeye.

Alijua la kufanya. Dorah mwenyewe alizaliwa hajatimiza, pale hospitali ya Kolandoto, na muuguzi mmoja alimfunga kichanga yule kifuani pa Generosa chini ya gauni, akamwambia asimtoe hata akiwashwa. Alitembea naye wodini hivyo, akala hivyo, akalala amekaa. Kwa hiyo alifungua nguo zake, akamweka mjukuu palepale alipowahi kumweka mama yake, akafunga vitenge juu.

Lakini wakati ule Generosa alikuwa msichana mwenye damu ya moto, na Kolandoto kuna jua. Sasa alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini na kitu, aliyelala usiku mzima bandani. Mwili wake haukuwa na joto la kumgawia mtu. Alimbana mtoto, akasubiri. Akagusa nyayo zake: baridi. Akamweka kwa mama yake anyonye. Mtoto alishika chuchu, akaiachia. Akamrudisha kifuani. Nyayo zilikuwa baridi zaidi, na mtoto, ambaye asubuhi alilia kwa hasira, sasa alikuwa kimya, mtulivu kupita kiasi. Dirishani mwanga ulikuwa unaondoka.

"Dorah," alisema. Alitaka kusema, mwambie mwenzio. Dorah hakuitika.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Mama. Mimi nina joto."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza Meshack kumwambia yeye mwenyewe, bila mtu katikati, tangu amwoe binti yake.

Generosa alituambia kwamba hakufikiri. Justina alimwuliza, hata kidogo? Akasema, hata kidogo, ningefikiri ningekaa. Aliivuta shuka, kamba ikakatika.

"Vua shati, baba," alisema.

Meshack alivua. Alifumba macho, na hakuyafungua. Kifua chake kilikuwa kipana, na kweli kilikuwa kinafuka joto, kama jiwe lililoshinda juani. Generosa alimlaza mtoto pale, kichwa upande wa moyo, miguu imekunjwa kama ya chura. Sasa ilibaki kumfunga, kwa sababu Meshack akilala mikono ingelegea. Alitazama huku na huku. Akafungua sanduku lake, akatoa mbeleko.

Ilikuwa ile ya mahari. Kwetu mwanamume akija kuoa huleta nguo ya mama, kwa ajili ya mgongo uliombeba binti. Na Generosa aliitunza bila kuivaa, akasafiri nayo ili mjukuu abebwe. Ili kuifunga ilibidi aizungushe nyuma ya mgongo wa mkwewe, na ili aizungushe ilibidi amkumbatie. Alimkumbatia. Shavu lake liligusa bega la Meshack. Aliipitisha chini ya kwapa, akaikaza, akafunga fundo juu ya bega la pili, fundo lile la wanawake wa kwetu lisilofunguka hata ukilima nalo siku nzima.

"Inabana?"

"Haibani, mama."

"Usilale chali. Egemea."

"Hapa hakuna pa kuegemea."

Akakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, ili amwegemee. Akamvuta Dorah upande wa pili. Akawafunika wote kwa mablanketi, pamoja na shuka ile iliyokuwa ukuta. Usiku ulipokolea Meshack akauliza kama mila ina dawa ya jambo kama hili.

"Ina faini," Generosa alisema. "Sijui nani anamlipa nani."

"Labda huyu hapa ndiye wa kulipa."

"Huyo akilia tu, amelipa."

Kulipokucha mtoto alilia. Alilia kwa kelele, akamwamsha Dorah, aliyekuwa ametokwa na jasho na homa imeshuka, akanyonya mpaka akapaliwa. Umeme ulichelewa siku kadhaa zaidi, lakini hatari ilikuwa imepita. Jua lilitoka, barafu ikaanza kudondoka kutoka mitini kama vipande vya chupa, na msaada ulipofika ulimkuta Meshack ameketi, mtoto kifuani, mbeleko yenye maua mekundu begani, akimwomba mama mkwe wake amkune mgongo.

Generosa alirudi kwetu katikati ya mwaka ule. Hakuficha kitu. Aliisimulia habari nzima sokoni, ya maji na ya mbeleko, na ikasambaa. Shemeji yake Pantaleo, mdogo wa marehemu, alimwita nyumbani kwake. Pantaleo ndiye aliyebaki anayejua mambo hayo yanavyokwenda. Tulikuwepo wachache.

"Shemeji, umemwona mkweo kifua wazi."

"Nimemwona."

"Naye amekuona?"

"Alifumba macho. Mtoto wa watu ana adabu."

"Mkalala chumba kimoja."

"Kitanda kimoja, Pantaleo. Sema yote."

Pantaleo alishusha pumzi. Alisema jambo lazima litengenezwe. Aletwe mbuzi, walau, kutoka upande mmoja, na wazee wanywe, ili umbali urudi mahali pake.

Generosa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Mkwe nilikuwa naye, na nilimheshimu miaka yote hiyo, wewe ni shahidi. Lakini yule niliyemfunga mbeleko yangu nani? Mtu akifungwa mbeleko yako, umemzaa. Sasa unataka nimlipe mbuzi mwanangu kwa kulala karibu na mama yake?"

Pantaleo alikaa akifikiri, kwa maana lilikuwa neno la kufikiria. Lilitoka ndani ya mila ileile aliyokuwa akiilinda. Mwishowe akasema hajawahi kulisikia, ila hawezi kusema si kweli. Mbuzi hakuletwa. Pombe ililetwa hata hivyo.

Alikaa nasi mwaka mmoja zaidi. Meshack alikuwa akimpigia simu mwenyewe, jioni, na Generosa aliongea naye akiwa amesimama uwanjani, bila kujifunika kichwa, akimgombeza juu ya mguu wake ambao haukupona vizuri, na akicheka. Mapafu ya mtoto yalikuwa dhaifu, Dorah alikuwa amerudi kazini, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Meshack ndiye aliyemwomba arudi. Walipomwuliza kama wamtengenezee tena lile banda, aliwaambia walirudishe gari ndani.

Mpunga wake analima Justina. Ufunguo wa nyumba uko kwa Pantaleo. Generosa anaishi Austin, ndani ya nyumba, chumba kilichotazamana na cha binti yake na mumewe, na mjukuu Tarsisi analala naye.